Mama Baki, Mtoto Twende

Wauza chakula wa Tunduma wana maadui watatu: vumbi, baridi ya Juni na nzi. Vumbi hunyunyiziwa maji, baridi hutafutiwa sweta, lakini nzi hana dawa wala aibu. Loisi, ambaye pale mjini kila mtu alimwita Mama Isaka, alikuwa amepambana nao miaka na miaka katika mgahawa wake mdogo kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Alijaribu kuwapunga kwa kanga, akajaribu dawa ya kupuliza, akaning'iniza mlangoni mifuko ya nailoni yenye maji kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba nzi wakiziona sura zao humo hukimbia. Nzi wa Tunduma walijiona, wakajipenda, wakakaa.

Kwa hiyo Isaka, mwanawe wa pekee, dereva wa malori yaendayo hadi Afrika Kusini, alipompigia simu kusema kwamba safari hii anamletea dawa ya nzi ya uhakika, Loisi alifurahi. Lakini kilichoshuka kwenye lori kilikuwa boksi la viatu, na ndani ya boksi mlikuwa na vikopo viwili vyenye majani.

"Mama, haya yanakula nzi," Isaka alisema.

"Yanakula nzi. Na wewe unakula nini huko barabarani mpaka unaongea hivyo?"

Isaka akakamata nzi mmoja mezani, kazi ambayo pale haikuhitaji ujuzi, akamweka juu ya jani lililoachama kama mdomo. Jani likafumba. Loisi akarudi nyuma, akamtaja Yesu kwa sauti ndogo, kisha akavuta kiti aangalie vizuri.

Ukweli usemwe: kama dawa ya nzi, majani yale yalikuwa hasara tupu. Jani moja lilimeza nzi mmoja, likakaa wiki nzima likimtafakari kama mzee wa baraza na kesi ya mbuzi. Ila wateja waliyapenda. Madereva wa Kongo na wa Zambia, watu waliozoea kukaa kwenye foleni siku nzima wakitazama tairi la mwenzao, walianza kuja kwa Mama Isaka kula wali maharage na kuyalisha majani. Loisi naye akayazoea, akawa anayasalimia asubuhi kabla ya kuwasha moto.

Tatizo lilikuwa matunzo, maana Isaka alimwachia masharti kama ya mganga. Yasipandwe kwenye udongo. Yasitiwe mbolea. Yasinyweshwe maji ya bomba, ila ya mvua. Na makazi yake yawe yale majani mafupi laini yanayofyonza maji kama sponji, ambayo vitabuni huitwa kuvumwani. Hayo yaliyokuja nayo kwenye vikopo yalipoanza kuoza, Loisi alimpigia mwanawe kumuuliza atayapata wapi mengine. Isaka akamjibu kuwa huko yanauzwa madukani, kwenye mifuko.

Loisi alicheka mpaka simu ikakatika. Yanauzwa! Kwao Isansa waliyaita godoro la chura, na utotoni alikuwa akilala juu yake bondeni, mgongo ukilowa, akisubiri mama yake amalize kuchimba.

Basi akafunga mgahawa siku moja, akapanda gari mpaka Mlowo, na kutoka pale akachukua bodaboda hadi Isansa. Alipofika bondeni alisimama kwanza asiamini. Alijua limelimwa, aliambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Mifereji ilikuwa imelikata vipande, maji yote yamefukuzwa, na mahali alipokuwa akizama mpaka magotini palikuwa na kabichi zimejipanga kwa mistari. Kwenye chemchemi tu, pale chini ya jabali ambapo jembe huteleza, palibaki kipande cha godoro la chura kama mkeka wa watu wawili. Akachuna kidogo kwa adabu, akajaza nusu ya mfuko wa salfeti, akarudi Tunduma.

Nyumbani alikuwa akisubiriwa na mama yake, Bibi Gwalugano. Bibi huyu aliletwa mjini miguu ilipokataa, na Tunduma hakuipenda hata siku moja. Alisema mji gani huu, magari hayalali na watu hawasalimiani. Alilala chumba cha nyuma, kitanda kikiwa chini ya dirisha linalotazama uani, na kazi yake ilikuwa kuchungulia na kukosoa. Kitu kilichomtia Loisi hofu ni kwamba alikuwa anaacha kula. Ugali alionja, wali aliugusa, nyama aliwarudishia wenye meno. Kila alipoulizwa anataka nini, jibu lilikuwa moja: kikande.

Kikande si kande ya mahindi na maharage. Ni viazi vidogo vya ua fulani la mabondeni, vinavyokaushwa, vikatwangwa, unga wake ukapikwa na karanga, magadi na pilipili mpaka ukashikana na kukatwa kwa kisu kama mkate. Wazambia huviita chikanda, na Tunduma, kwa kuwa hufuata ulimi wa mnunuzi, nayo huita chikanda. Loisi alimnunulia mama yake kipande sokoni, kimepikwa na fundi. Bibi Gwalugano alikimung'unya kwa heshima, akameza, akasogeza sahani.

"Ni kizuri," alisema. "Cha kwao."

Na cha kwetu hakikuwepo tena. Viazi vya sokoni vilitoka mbali, mikoa mingine na nchi nyingine. Mabonde ya Mbozi yalikuwa yamekaukiwa kikande miaka mingi, na kila mtu alikuwa na wa kumlaumu: wengine wanunuzi, wengine jua, wengine dhambi za vijana.

Loisi akayapanda majani yake ya kula nzi kwenye godoro jipya, akagawa lililobaki kwenye makopo ya maziwa ya unga, akayapanga uani chini ya dirisha. Mvua zikaanza. Asubuhi moja akaona vitu vimechomoza katikati ya godoro: vijani vya kijani kibichi, kimoja kimoja, vidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Hakuwa amepanda kitu. Akampigia picha Isaka, naye akajibu papo hapo kuwa hayo ni magugu, ayang'oe kabla hayajawamaliza walaji wake wa nzi.

Loisi akainama kuyang'oa. Alikuwa amekishika kijani cha kwanza kwa vidole viwili sauti ilipotoka dirishani.

"Unang'oa nini?"

"Magugu, mama."

"Yametoka wapi?"

"Yamo kwenye godoro la chura."

"La kwetu?"

"La kwetu."

"Basi yaache," alisema Bibi Gwalugano. "Wageni wametoka nyumbani, wewe unawafukuza hata maji hawajanywa."

Akayaacha, zaidi kwa kumridhisha mama kuliko kwa imani. Kiangazi kilipofika vijani vikanyauka, akasema basi, vimekufa. Mvua zikarudi, navyo vikarudi, vinene zaidi. Vingine vilizidiwa vikafa kweli. Msimu wa tatu vilikuwa vimebaki vinne, kila kimoja kwenye kopo lake, na mwezi wa pili kimoja kikasimamisha shina, na shina likafungua maua.

Loisi alikuwa amebeba ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Akaitua. Yalikuwa maua madogo ya waridi, yamepandana kwenye shina moja, kila moja na vimikia viwili kwa nyuma. Alikuwa hajayaona tangu alipokuwa msichana, na bado mikono yake iliyajua kabla ya kichwa.

Enzi hizo, kila mwezi wa pili, bonde lote la Isansa lilikuwa na rangi ile. Ukisimama kwenye barabara ya kahawa ungedhani mtu ameanika kanga kutoka jabali mpaka mtoni. Maua yalipokauka, mashina yakibaki ya kahawia kuonyesha pa kuchimba, wanawake waliteremka na watoto wao wa kike. Gwalugano wa siku zile alikuwa mwanamke wa nguvu, mwenye pengo zuri mbele na kicheko cha kusikika ng'ambo, na mti wake wa kuchimbia alichongewa na mumewe kila mwaka, mpya. Alichimba kwa kasi asisimame kunyoosha mgongo. Loisi alimfuata nyuma na kikapu, tope likimtekenya vidoleni, akiwa na furaha ambayo hakujua kuwa ni furaha, maana mtoto hudhani mambo yote yako hivyo.

Na palikuwa na sheria. Chini ya kila shina la kikande kuna viazi viwili. Kimoja ni laini, kimekunjamana, rangi ya udongo; cha pili ni kigumu na cheupe. Kile laini walikiita mama, kile kigumu mtoto. Anayechukuliwa ni mtoto. Mama hurudishwa shimoni, hufunikwa, na mchimbaji humkandamizia kwa kisigino akisema, "Mama baki, mtoto twende." Hapo mama amebaki salama, mwakani atazaa tena. Msichana aliyesahau kumrudisha mama alirudishwa bondeni yeye, hata kama mvua inanyesha. Loisi alirudishwa mara moja, akalia njia nzima. Watu wa mabonde mengine walibeba mama na mtoto pamoja, na Isansa waliwacheka kuwa ni walafi wasiofundwa.

Loisi akainua kopo mpaka dirishani. Mama yake macho yalikuwa hafifu, akayagusa maua kwa ncha za vidole, akayanusa, akakaa nayo.

"Niliwaambia ni wageni wa nyumbani," alisema mwishowe.

Wiki chache baadaye, maua yakiwa yamekauka, kuku wa jirani akalipindua kopo lile akitafuta wadudu. Loisi alipofika godoro lilikuwa limesambaa na mmea umelala uchi, mama na mtoto wake wakiwa wameshikana. Mtoto alikuwa mdogo kama harage. Alifanya alivyofundishwa. Akamchukua mtoto, akamrudisha mama kwenye kopo, akamkandamiza kwa dole gumba kwa kuwa kisigino hakikuenea, akasema maneno. Alifurahi kuona bado anayajua.

Harage lile alilichoma kwenye majivu, akampelekea mama yake. Bibi Gwalugano alilizungusha mdomoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la rafiki. Kisha akaanza kuzungumza. Akawataja wanawake aliochimba nao, mmoja mmoja, na aliyekuwa mvivu, na aliyeanguka mtoni na kikapu chake. Jioni ile aliomba ugali, akala akaongeza. Akaendelea kula mwaka mzima.

"Mwakani watazaa," alisema. "Utanipikia mkate, hata kama ni mdogo wa kutosha kijiko."

Loisi akaahidi.

Mvua zilipokuja, makopo matatu yakachipua. La nne, lile la kuku, halikutoa kitu. Alisubiri, akamwagia maji ya mvua, akasubiri tena. Mwisho akaingiza kidole kwenye godoro kumtafuta mama aliyerudishwa. Akatoa ganda jeusi, tupu, lililosagika mkononi.

Hakuelewa. Akachukua kopo la pili, lenye mmea mzima, akaufukua taratibu pembeni aone wengine wanafanyaje. Mama wa mwaka jana alikuwepo, naye ni ganda tupu, kifuko cha maji meusi. Mmea wote ulikuwa umesimama juu ya mtoto. Yule mtoto wa mwaka jana, mweupe, mgumu, ambaye hapana mtu aliyemgusa, ndiye aliyechipua, ndiye sasa aliyekuwa mama, na ubavuni mwake kimeshaanza kijitoto kingine kama punje ya mchele.

Loisi akakaa chini pale uani kwenye saruji. Sufuria la maharage likaungua jikoni na hakunyanyuka. Mama hazai mara mbili. Anazaa mara moja, anamaliza, na mtoto ndiye wa kubaki. Vizazi na vizazi walikuwa wamembeba wa kesho kumpeleka sokoni na nyumbani, wakamzika wa jana kwa heshima zote na kumkanyagia vizuri, wakiamini wamelitunza bonde. Kumbe wao na wale walafi waliowacheka walikuwa kitu kimoja, isipokuwa wao walikuwa na maneno mazuri. Alilia kwa hasira, hasira isiyo na mtu wa kumpelekea.

Hakumwambia mama yake. Atamwambiaje, na yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote?

Mwaka ule Bibi Gwalugano aliugua. Haukuwa ugonjwa wa jina. Alikuwa anaisha tu, kama sabuni. Zahanati waliwaambia wampe anachopenda. Isaka alikuja na machungwa na blanketi la manyoya, akakaa naye, akaondoka akijifuta uso kwa kofia. Wali ukarudi vile vile, uji ukarudi. Maua ya makopo matatu yalichanua, yakakauka, na siku moja kikongwe akauliza kutoka kitandani, bila kulalamika, akiulizia tu kama mtu aulizavyo saa:

"Yameshakauka mashina?"

Loisi akasema yamekauka.

Usiku ule usingizi ulimpaa. Watoto ni watatu tu. Akiwapika, kikande cha Isansa kimekwisha, maana chini ya jabali lile alisharudi kupapekua na hapakuwa na shina hata moja. Asipowapika, mama yake atakufa na ahadi mdomoni. Asubuhi alikuwa ameamua, na aliamua kama binti. Bonde limeshakufa, alijiambia, mama bado. Akafukua makopo yote matatu, akasafisha viazi, akaviweka sahanini, akaingia navyo chumbani amwonyeshe kabla hajavitwanga.

Bibi Gwalugano akasikia harufu ya godoro bichi, akafumbua macho.

"Umemrudisha mama?"

"Bado."

"Maneno umesema?"

"Sijasema."

"Kwa nini hujasema, Loisi?"

Alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mdogo na wa huruma, ukakataa kutoka. Akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza yote: kopo la kuku, ganda jeusi, mtoto aliyekuwa mama. Alieleza akitazama sahani. Nje lori lilipiga honi, jingine likalijibu.

"Nilifundishwa na mama yangu," alisema Bibi Gwalugano.

"Najua, mama."

"Naye na mamaye."

"Najua."

"Na wewe nikakurudisha kwenye mvua." Akageuza uso dirishani. "Mtoto mdogo. Ukalia."

Mama yake akanyoosha mkono, akaomba sahani, akaanza kuvipapasa viazi kimoja kimoja. Kigumu akakiweka upande huu, laini upande ule, mpaka vikawa makundi mawili.

"Meno yangu yako wapi?" aliuliza.

"Huna meno, mama."

"Basi hawa wagumu nitawafanyia nini? Nipikie hawa wazee wenzangu."

"Mama, hao ni ganda na maji. Hawana kitu."

"Na mimi nina nini? Kapike."

Loisi akaenda kupika. Aliwaponda kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, akatia karanga alizosaga mwenyewe, chumvi, magadi kwa ncha ya kidole, akasonga kwenye kikombe cha bati juu ya makaa, akafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko kama inavyotakiwa. Kilitoka kidonge cheusi, kisichofika hata kijiko. Alimlisha mama yake vipande vidogo vidogo, naye akala vyote, akalamba na kidole.

"Vipi?"

"Kichungu," alisema Bibi Gwalugano, akafumba macho, uso umetulia. "Cha kwetu."

Kisha akamtaka awarudishe wale watoto, na afanye pale pale dirishani ili aone. Loisi akaleta makopo, akayapanga kizingitini, akachimba godoro kwa kidole, akamweka mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye maneno alikwama, kwa sababu yale aliyoyajua yalikuwa si yenyewe tena.

Mama yake ndiye aliyeyasema, polepole, kwa sauti ya bondeni ambayo Loisi hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Mtoto baki. Mama twende."

Loisi akakandamiza godoro kwa dole gumba. Kitandani, chini ya blanketi la manyoya, kisigino cha mama yake nacho kilikuwa kinakandamiza.